Sampuli ya gripi: toka pua ya mugonjwa mpaka ndani ya labo, nani anapashwa kujilinda na namna gani

Mutu akifika kwenye kituo cha afya na homa kali, kikohozi, kichwa na mifupa vinauma, munganga anaweza kuomba wamukamate sampuli ya pua ao ya koo. Ile kazi inachukua dakika chache. Kisha mugonjwa anarudi kwake na dawa. Lakini ile tubu ndogo yenye wamefunga inabaki, na itapita kwa mikono mingi: ya muuguzi, ya mwenye pikipiki, ya laborantini, ya mama mwenye kufagia labo, na mwisho ya mwenye kuchoma taka. Kila mumoja wao iko na watu wa nyumba wenye wanamungojea mangaribi.

Hapa tunaeleza hatua kwa hatua namna ile sampuli inapashwa kushikwa. Wenye kufanya kazi ndani ya labo za hospitali na vituo vya afya watakuta mambo ya kukumbuka. Na mukaaji mwenye anaona tu mulango wa labo umefungwa ataelewa kwa nini umefungwa, na nini anaweza kuuliza.

Gripi ni nini, mafua ni nini?

Kwetu huku, mutu akipiga chafya mara mbili tunasema "iko na gripi". Waganga wanatofautisha. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi za aina nyingi. Pua inatiririka, koo linawasha, na kisha siku chache mutu anapona. Gripi ya kweli inaletwa na virusi za influenza, hasa zile za aina A na aina B. Yenyewe inaanza kwa gafula: asubui mutu iko muzima, mangaribi hawezi kusimama. Kati ya siku ya kuambukizwa na siku ya kuanza kuumwa, kunapita siku 1 mpaka 4, mara nyingi 2.

Watu wengi wanapona bila dawa kali. Lakini wazee, watoto wadogo, wamama wenye mimba, na wenye ugonjwa wa moyo, pumu ao sukari wanaweza kufa. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba kila mwaka gripi ya kawaida inaua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa kuharibu tu njia ya kupumua. Kwa hiyo gripi hapana ugonjwa wa kuchekelea.

Tubu haina jina mpaka jibu litoke

Neno la kwanza ambalo kila laborantini anapashwa kushika ni hili: kwenye karatasi wameandika "gripi inawaziwa", lakini hakuna mwenye anajua ndani ya tubu kuko nini. Homa na kikohozi ni mulango wa magonjwa mengi. Inaweza kuwa gripi. Inaweza kuwa Covid-19, kifua kikuu, ao malaria pamoja na nimonia. Na huku kwetu mashariki tunakumbuka kwamba Ebola pia inaanza na homa, uchovu na maumivu ya mwili. Mulipuko wa 2018 mpaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini ulihesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, na kati yao wafanyakazi wa afya walikuwa wengi.

Mufano wa karibu zaidi ni wa Panzi. Hapana Panzi ya Bukavu. Ni zone ya afya ya Panzi katika jimbo la Kwango, upande wa magharibi. Kati ya 24 Oktoba na 5 Desemba 2024, kule walihesabu wagonjwa 406 na vifo 31, wengi watoto wadogo, na hakuna mwenye alijua jina la ugonjwa. Redio za dunia nzima zilisema "ugonjwa usiojulikana". Mwisho wa Desemba, sampuli zilileta jibu: malaria kali, pamoja na virusi za kawaida za kupumua, gripi ikiwa kati yao, ndani ya miili ya watoto wenye utapiamlo. Kwa majuma yale yote, wenye kukamata zile sampuli walizishika bila kujua.

Na ilikwisha kuonekana kinyume. Mwisho wa mwaka 2002, eneo la Bosobolo, kaskazini mwa inchi, ambalo wakati ule lilikuwa ndani ya Equateur, lilipigwa na ugonjwa wa homa na kikohozi wenye uliua watu wengi. Ilikuwa gripi, aina A(H3N2), ile ile yenye inazunguka dunia kila mwaka.

Kuko pia gripi ya ndege. Mwaka 2017, virusi ya H5N8 ilipatikana kwa bata na kuku katika Ituri, upande wa Ziwa Albert. Ile haikutangazwa kwa mutu hapa kwetu, lakini inatufundisha kuuliza swali moja mbele ya kukamata sampuli: je, mugonjwa alishika kuku ao bata wenye kufa? Tena: alienda kwenye kilio cha mutu aliyekufa na homa? Aliuguza mutu? Alikula ao kuchinja nyama ya pori yenye ilikutwa imekufa? Kama jibu ni ndiyo, muuguzi asiendelee yeye peke yake. Anamutenga mugonjwa kwa upole, anaita munganga mukubwa wa zone ya afya, na sampuli inakamatwa na watu wenye vifaa vya ile kazi.

Hatari inaingilia wapi?

Wengi wanawaza hatari kubwa ni sindano. Kwa gripi, hatari kubwa ni hewa. Virusi inakaa ndani ya makamasi na mate. Ukifungua tubu kwa nguvu, ukiitikisa, ukiizungusha ndani ya mashini ya santrifuje, ao ukipuliza tone la mwisho toka kwa pipeti, matone madogo sana yanaruka. Macho hayayaoni. Yanaelea, unayavuta kwa pua, ao yanashuka juu ya meza.

Njia ya pili ni mikono. Juu ya kitu kigumu kama chuma ao plastiki, virusi ya gripi inaweza kuishi siku 1 mpaka 2. Juu ya nguo na karatasi inakaa saa chache tu. Laborantini anagusa meza, kisha anajikuna jicho, ao anajibu telefone. Telefone inaenda nayo nyumbani, mutoto anaicheza. Njo maana telefone haiingie ndani ya labo, ao ikiingia inabaki ndani ya mufuko wa plastiki wenye unaweza kupanguswa.

Kukamata sampuli bila kujiambukiza

Wakati muzuri ni siku 3 ao 4 za kwanza za ugonjwa. Kisha pale virusi inapunguka ndani ya pua, na jibu linaweza kuwa "hakuna" hata kama ilikuwako.

Mwenye kukamata sampuli anavaa bluzi ya mikono mirefu, glavu (gants), miwani ya kukinga macho, na maski ya kiganga. Kama gripi ya ndege inawaziwa, maski ya kawaida haitoshi. Inaombwa ile ya FFP2 ao N95, yenye inashikamana na uso. Ndevu nyingi zinaizuia kushikamana. Chumba kiwe na dirisha wazi, na wagonjwa wengine wangoje inje. Muuguzi anasimama kando kidogo, hapana mbele ya mudomo wa mugonjwa.

Kijiti cha kuingiza puani, kile waganga wanaita écouvillon, kinapashwa kuwa na kichwa cha nyuzi za kisasa kama nailoni ao poliesta, na muti wa plastiki. Kijiti cha mbao chenye pamba ya kawaida kinaweza kuzuia mashini ya PCR kuona virusi. Kwa hiyo hata kama kiko bei rahisi na kinapatikana sokoni, hakifai.

Mugonjwa anakaa, kichwa kimeegemea nyuma kidogo. Kijiti kinapita sawasawa, kufwata sakafu ya pua, hapana kupanda juu. Kikifika mwisho, kinazungushwa polepole na kuachwa sekunde chache. Machozi yanatoka, mutu anaweza kupiga chafya, ni kawaida. Wakati wa Covid maneno mengi yalisemwa kwamba kijiti kinagusa ubongo. Hapana. Kati ya pua na ubongo kuko mufupa, na kijiti hakipande ile njia.

Kijiti kinaingia ndani ya tubu yenye maji ya kuchunga virusi, kinavunjwa kwenye alama yake, na kifuniko kinafungwa mpaka mwisho. Jina, umri, tarehe na namba vinaandikwa juu ya tubu yenyewe, kamwe juu ya kifuniko tu, kwa sababu vifuniko vinaweza kubadilishana. Inje ya tubu inapanguswa na alkoli ya 70%. Glavu zinatoshwa, mikono inaoshwa, kisha tu mugonjwa mwingine anaingia. Glavu moja kwa wagonjwa kumi inakinga mikono ya muuguzi na kuambukiza wagonjwa tisa.

Kuvua vifaa pia kuko na mupango: glavu kwanza, kisha bluzi, osha mikono, kisha miwani, na maski mwisho kabisa, ukiikamata kwa kamba zake. Osha mikono tena. Watu wengi wanajiambukiza pale pale, wakati wanawaza kazi imekwisha.

Kuchunga na kusafirisha

Sampuli inakaa katika baridi ya degre 2 mpaka 8, baridi ya frigo ya kawaida, kwa siku 3 hivi. Kama itangoja zaidi, inapashwa kuingia katika baridi ya degre 70 chini ya zero, na mashini ile inapatikana tu kwa labo kubwa. Kuiweka ndani ya friza ya kawaida, ikayeyuka wakati kura inakatika, ikaganda tena, ni kuiharibu. Afazali kuituma mapema ndani ya kisanduku cha baridi kuliko kuigandisha vibaya.

Ile frigo haiwekwe soda, maziwa wala dagaa ya mutu. Tunajua, wakati mwingine njo frigo moja tu yenye iko na kura ya jua katika kituo kizima. Lakini chakula kando ya tubu ni kosa lenye halina ruhusa.

Kwa safari, sheria ya kimataifa inaomba kufunga mara tatu:

1. Tubu yenyewe, imefungwa vizuri, haivuji.
2. Mufuko ao chupa ya pili isiyovuja, ndani yake pamba ao karatasi ya kutosha kunywa maji yote kama tubu ikipasuka.
3. Kisanduku kigumu cha inje, na baridi, na alama ya UN 3373, yenye maana yake "kitu cha kibiolojia, kundi B".

Karatasi ya mugonjwa haizungushwe juu ya tubu. Inaingia ndani ya plastiki yake, inje ya mufuko wa pili, ili mwenye kupokea aisome bila kugusa kitu chenye kimelowana. Juu ya kisanduku kunaandikwa namba ya telefone ya mwenye ametuma na ya mwenye anangojewa kupokea.

Ndugu zetu wa pikipiki wanabeba sampuli nyingi kuliko magari. Dereva hapana wa kufungua kisanduku, hapana wa kukiweka juani wakati anangoja mukutano wa barabara uishe, na kama ameanguka nacho, anapashwa kupiga telefone kwanza kuliko kuokota. Ni haki yake pia kuambiwa anabeba nini. Kumupa sampuli ndani ya sashe nyeusi kama mutu anatuma ndizi ni kumudanganya.

Barabara ya mashariki tunaijua: mvua, vizuizi, na uwanja wa ndege wa Goma wenye ulifungwa wakati wa vita vya Januari 2025. INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa kibiolojia, iko Kinshasa na iko na labo Goma pia. Lakini toka bara la ndani mpaka mujini, siku zinaweza kupita. Njo maana mwenye kutuma anapashwa kujua mbele siku ya kufika, na kuhesabu barafu ya ile safari yote.

Ndani ya labo

Labo zinapangwa kwa ngazi nne za usalama. Kupima sampuli ya gripi ya kawaida kwa test ya haraka ao PCR, ngazi ya 2 inatosha. Kukomaza virusi ya gripi ya ndege ili iongezeke kunaomba ngazi ya 3, na labo ya hospitali ya kwetu haipashwi kujaribu.

Ngazi ya 2 hapana tu mashini. Inaanza na mulango wenye unafungwa, alama ya hatari juu yake, mahali pa kuosha mikono karibu na kutokea, na bluzi yenye inabaki ndani. Bluzi ya labo haiendi kantini, haiendi sokoni, haifuliwi nyumbani pamoja na nguo za watoto. Hakuna kula, kunywa, kuvuta sigara ao kujipaka mafuta ya midomo ndani. Hakuna kuvuta pipeti na mudomo, hata kama wazee wa kazi walifanya hivyo zamani.

Kufungua tubu, kutikisa na kumimina kunafanyiwa ndani ya kabati ya usalama, ile yenye inavuta hewa na kuichuja. Mambo matatu yanasahauliwa mara nyingi. Iwashwe dakika 5 mbele ya kuanza. Matundu ya mbele yasizibwe na karatasi ao daftari. Na moto wa gazi usiwashwe ndani, kwa sababu unavuruga njia ya hewa. Tena, mujihazari: kuko kabati ingine yenye inafanana nayo, yenye kazi yake ni kulinda kitu chenye unatengeneza. Ile inapuliza hewa toka ndani kuelekea uso wako. Ukiweka ndani yake sampuli ya gripi, inakupulizia virusi usoni. Mbele ya kutumia kabati yenye mulipewa na mufazili, soma karatasi yake.

Kama kabati haiko? Labo ndogo nyingi hazina. Basi zisifungue tubu bila lazima. Zinaweza kukamata, kufunga na kutuma. Kama zinafanya test ya haraka, iwe katika chumba chenye hewa inapita, mutu mumoja, na maski, miwani na glavu, mbali na njia ya watu. Na tukumbuke kwamba test ya haraka haione wagonjwa wote: ikisema "hakuna", usivue maski.

Santrifuje inazungushwa na vifuniko vimefungwa. Kama umesikia tubu imepasuka ndani, zima mashini na uiache imefungwa dakika 30 ili matone yashuke. Mwenye kufungua mara moja ili aone njo mwenye anavuta yote.

Javel: dawa nzuri yenye inaomba hesabu

Virusi ya gripi iko na ngozi ya mafuta, na inakufa upesi kwa sabuni, kwa alkoli ya 70% na kwa javel. Shida ni kwamba javel za sokoni hazina nguvu sawa. Soma kibandiko. Javel yenye kuandikwa degre 12 iko na karibu 3.6% ya klorini.

- Kwa kupangusa meza kila siku, inaombwa 0.1%: kipimo 1 cha javel ya degre 12 ndani ya vipimo 35 vya maji. Kama javel ni ya 5%, kipimo 1 ndani ya 49.
- Kwa mahali sampuli imemwangika, 0.5%: kipimo 1 cha degre 12 ndani ya 6 vya maji. Kama ni ya 5%, kipimo 1 ndani ya 9.
- Kwa unga wa HTH wa 70%: gramu 7 ndani ya litre 1 ya maji inaleta 0.5%.

Itengenezwe mupya kila siku, iandikwe tarehe, ifunikwe mbali na jua. Ya juzi inanuka bado lakini imepoteza nguvu. Isichanganywe na asidi ya kuosha choo wala na amonia. Inatoa gesi yenye kuua.

Jambo moja lenye wengi hawajui: hospitali nyingi ziko na mashini ya GeneXpert, iliyoletwa kwa kifua kikuu, na yenye inaweza pia kupima gripi na Covid kama kartushi zake zinapatikana. Ndani ya maji ya zile kartushi, na ya dawa nyingi za PCR, kuko kemikali ya guanidini. Guanidini ikikutana na javel inatoa gesi ya sumu. Kwa hiyo kartushi iliyotumika haitumbukizwe ndani ya ndoo ya javel. Inafungwa ndani ya mufuko wake na kupelekwa kuchomwa katika moto mukali. Meza yenye imemwangikiwa na ile dawa inaoshwa na maji na sabuni kwanza.

Ikimwangika, fanya nini?

Ambia wenzako, tokeni, fungeni mulango. Ngojeni matone yashuke, dakika 30 kama ni nje ya kabati. Rudi umevaa maski, miwani na glavu. Funika mahali pale na karatasi ao kitambaa cha kunywa maji. Mimina javel ya 0.5% ukianza pembeni na kwenda katikati, ili uchafu usitawanyike. Ngoja dakika 30 tena. Vipande vya chupa vinakamatwa na koleo, kamwe na vidole. Andika jambo lile ndani ya daftari: siku, saa, nani alikuwako.

Ile daftari hapana ya kuazibu mutu. Laborantini akiogopa kufukuzwa, ataficha. Akificha, na siku mbili kisha aanze homa, hakuna mwenye atajua imetoka wapi. Mukubwa wa labo apashwe kumushukuru mwenye kusema, na kufwatilia afya yake. Kwa gripi, kuko dawa kama oseltamivir yenye kusaidia zaidi ikianzwa katika saa 48 za kwanza. Chanjo ya gripi inashauriwa kwa wafanyakazi wa afya kila mwaka, lakini haiko kati ya chanjo za kawaida za huku. Zone na mashirika yenye kusaidia labo wanaweza kuiomba kwa watu wao.

Hata labo kubwa zilianguka

Tusiwaze kwamba makosa ni ya inchi maskini tu. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba labo zaidi ya 3,700 katika inchi 18, nyingi sana zikiwa Marekani, zilitumiwa tubu za majaribio zenye virusi ya H2N2. Ile njo virusi ya gripi kubwa ya 1957, na ilikuwa imeacha kuzunguka kati ya watu tangu 1968. Wenye kuzaliwa kisha pale hawakuwa na kinga yoyote. Labo moja ya Canada njo iligundua, na OMS ikaomba zote ziharibiwe haraka. Hakukutangazwa mugonjwa. Lakini zilipita kwa posta, na ndani ya labo walizishika kama gripi ya kawaida, kwa sababu hakuna mwenye alijua. Ni sawa na ile ya tubu isiyo na jina.

Wewe mukaaji, unaweza kufanya nini?

Kama wanakukamata sampuli wewe ao mutoto wako, angalia kama muuguzi amebadilisha glavu na kama jina limeandikwa juu ya tubu mbele yako. Unaweza kuomba kwa heshima: "Mama, ao papa munganga, jina la mutoto limeandikwa sawa?" Hapana kumutukana, ni kumusaidia.

Usipeleke mutoto ndani ya labo kumusindikiza mukubwa. Ngojeni inje. Usibebe sampuli ya ndugu yako mwenyewe ndani ya mufuko wa nguo kwa sababu labo iko mbali, uliza kisanduku.

Wazazi na RECO, angalieni nyuma ya kituo. Shimo la taka liko na ukuta ao hapana? Tubu, vijiti na sindano vinachomwa ao vinalala wazi, kwenye watoto wanaokota wachezee na mbuzi wanapita? Kama vinalala wazi, leteni lile neno kwenye komite ya afya ya eneo lenu, kwa sababu ile komite njo yenu na iko na haki ya kuuliza. Ukuta wa matofali na mulango wenye kufuli hauombi mufazili toka ng'ambo.

Na kama kuku ao bata wengi wanakufa kwa mara moja katika mutaa, msiwale, msiwauze, msiwatupe ziwani. Ambieni munganga wa mifugo na kituo cha afya siku ile ile. Kisha oseni mikono na sabuni, na mama mwenye aliwashika akianza homa ndani ya juma lile, aseme yote kwa muuguzi mbele hajakamatwa sampuli.